Tepe Alizofua Shangazi Dorka

Tangu nistaafu nikarudisha funguo za stoo, simu yangu haina amani. Vijana wa kituo wananipigia asubuhi nikilisha kuku, wananipigia nikitoka kanisani, na swali ni lile lile: "Madam, nataka kununua seti yangu ya kwanza ya kukwea. Nianze na nini?" Basi nimeona niandike mara moja, msome, mniache na kuku wangu. Ila nawaambia mapema, siwezi kueleza habari ya seti ya kwanza nikaruka ya Adoyo, na ya Adoyo hata leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Nilifika kituoni nikiwa msichana wa Asumbi niliyejua kupika chai na kukunja mablanketi. Kituo kilikuwa, na bado kipo, mlimani juu ya barabara ya Homa Bay, na kazi yake ilikuwa kufundisha wanafunzi, maskauti na watu wa uokoaji kupanda majabali kwa kamba. Mimi niliajiriwa kutunza stoo. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikakuta vyuma vimening'inia ukutani kutoka dirishani hadi kona, vingine vina meno, vingine vina waya, nikasema yawa, hawa watu wamenileta gereji. Nilirudi nje kuangalia kama nimekosea mlango.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu Ogola. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na suruali yenye viraka magotini, aliyejifunza kazi hii kwa kuwabebea wageni mizigo Mlima Kenya mpaka wageni wakachoka kumzuia asishike kamba. Alinikuta nimeduwaa pale nje akacheka.

"Nyar Asumbi," akaniambia, yaani binti wa Asumbi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita jina langu, "hizi zote unazoona zina kazi moja tu. Mtu akianguka, asifike chini. Kama kitu haifanyi hiyo kazi, ni pambo, peleka nyumbani utundike sebuleni."

Nami niliyedhani kazi yangu ni kupangusa vumbi, akanipeleka chini ya jabali siku hiyo hiyo na viatu vyangu vya kanisani. Akanieleza kwamba sisi hatupigi misumari kwenye mwamba. Anayetangulia anapanda akiburuta kamba iliyofungwa kiunoni, na kila akifika penye ufa mzuri anapachika kipande cha chuma, anaunganisha kamba yake na kile kipande, anaendelea. Aliye chini anashika kamba. Anayetangulia akiteleza, kipande cha mwisho alichopachika ndicho kinachomzuia. Anayefuata nyuma anavikusanya vyote, na mwamba unabaki vile mlivyoukuta. Nilimsikiliza nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema wake zake wote wawili waliwahi kuuliza hivyo.

Kisha akapachika kipande kwenye ufa uliokuwa usawa wa goti langu, akafunga tepe, akaniambia, "Kalia."

"Nikalie nini?"

"Kalia hiyo. Ukianguka utaanguka kwa matako, hutakufa."

Nilikalia huku nasali. Kilinishika. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake nzima: hakuna kuamini kipande mpaka umekikalia karibu na ardhi. Amewakalisha wakuu wa shule, amewakalisha masista, amemkalisha ofisa mmoja mnene sana mpaka sote tukashika roho mkononi. Baada ya mwaka nikawa nakwea, baada ya miaka kadhaa nikawa nafundisha, lakini funguo za stoo sikumwachia mtu.

Sasa swali lenu. Anzeni na nati. Ni zile kabari ndogo za aluminiamu zenye waya wa chuma. Unaipenyeza pale ufa unapopanuka, unavuta chini inakwama. Hazina springi, hazina kitu cha kuharibika, na zinakufundisha kusoma mwamba, maana ukikosea inatoka mkononi na unaona aibu mara moja. Chukueni seti nzima ya kawaida, na zile za ukubwa wa kati mziongeze, kwa sababu majabali yetu ya upande wa Ogwedhi yana nyufa za kutosha vidole na utamaliza za kati kabla hujafika nusu ya njia. Baada ya nati, kengele. Jina lake la dukani ni jingine, sisi tuliziita kengele kwa sababu ziko wazi katikati na zikigongana kiunoni hutatembea kimya tena maishani. Hizo ni za nyufa kubwa. Kem ndiyo mwisho, kile chuma chenye mabawa manne na springi, unavuta kama kifyatulio cha bunduki, unakiingiza, unaachia kinajibana chenyewe. Vijana wote wanataka kem kumi kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Chukueni mbili tatu za kati, mjue kuzitumia. Kisha tepe ndefu za kutosha, maana njia zetu zinapinda na kamba ikipinda inakuwa nzito. Tepe ni hizo pete za kitambaa cha nailoni zilizoshonwa, na hizi nawaambia nikiwa nimesimama: msinunue za mtumba. Kwa mtumba nunueni suruali.

Mwalimu Ogola alikuwa na seti yake mwenyewe, si ya kituo. Aliikusanya kipande kimoja kimoja kutoka kwa wageni, kwa mshahara, kwa kubadilishana. Alikuwa na binti mmoja, Adoyo. Mama yake Adoyo alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, akalelewa Rangwe na dada mkubwa wa Ogola, Shangazi Dorka. Akija kituoni likizo, Adoyo alikuwa akicheza na nati za baba yake kama wenzake wanavyocheza na mawe, na alipomaliza shule akaja kujifunza kazi. Mikono ni ya baba, maneno ni machache kuliko ya baba, na ana kiburi fulani cha kutopenda kudanganywa. Alibakiza jambo moja awe mwalimu kamili: kutangulia mbele ya watahini, kwenye jabali refu, na seti aliyoichagua mwenyewe.

Ogola akafa. Alilala akiwa mzima, presha ikamchukua kabla ya kuamka. Siwezi kueleza jinsi nilivyoshtuka. Mtu ambaye nimemwona akining'inia kwa vidole juu ya bonde, amekufa kitandani amejifunika shuka. Nilirudia hilo neno mazishi mazima, "Kitandani? Kitandani?" mpaka watu wakanivuta pembeni.

Kwetu mnajua, baada ya mazishi vitu vya marehemu vinagawanywa kwa ndugu. Koti kwa huyu, redio kwa yule, kiti kwa yule pale. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama siku hiyo. Kutoka nje nakuta begi la Ogola limemwagwa mkekani, na seti yote, yawa, seti yote imegawanywa kama vijiko! Kengele zimechukuliwa na mdogo wake, Oloo. Kem zimechukuliwa na mpwa wake, Okech. Tepe kwa Shangazi Dorka. Adoyo akaachiwa nati, kwa maelezo kwamba ni ndogo ndogo zinamfaa msichana. Na kosa la nani? Kila mtu alichukua kwa heshima, akalia juu ya kile alichopewa.

Miezi kadhaa baadaye Adoyo alikuja stoo. "Madam, mtihani umepangwa. Nataka kutumia seti ya baba."

"Stoo imejaa, mwanangu. Chagua unayotaka."

"Nataka ya baba. Nimejifunza na hiyo. Hiyo nikifumba macho najua kila kipande kwa uzito."

Sikumbishia. Kazi yangu ilikuwa moja: hakuna anayetangulia mbele ya watahini mpaka nimekagua seti yake kipande kwa kipande na kuikubali. Nilimwambia nitakwenda naye. Tatizo lilikuwa kwamba kitu kikishagawanywa namna ile hakidaiwi. Ukikidai unaonekana unachimba kaburi.

Tulianza Ogwedhi siku ya mnada wa mifugo, kwa sababu Oloo ni mchuuzi wa ng'ombe na siku nyingine humpati. Tulikuwa katikati ya ng'ombe na vumbi Adoyo aliposimama ghafla akanishika mkono. "Sikia." Mimi nikasikia ng'ombe, Wamasai, Waluo na Wakuria wanabishana bei kwa Kiswahili. Akasema, "Hiyo ni ile kubwa kabisa. Hiyo ni ya baba." Tukafuata mlio, tukamkuta fahali mweusi mwenye nundu, shingoni amefungwa kengele ya kukwea, ndani yake Oloo ametundika boliti iigonge.

Nilishika kichwa. Kipande kilichotengenezwa kubeba mtu anayeanguka, kinaita ng'ombe!

"Nyar Asumbi!" Oloo alifurahi kutuona. "Umeona zawadi ya ndugu yangu? Hii haipotei hata kwa ukungu. Kengele ya duka haifikii hii."

Adoyo akamweleza anachotaka. Uso wa Oloo ukaanguka. "Mtoto, hiyo vitu ilishagawanywa. Ukiirudisha mikononi hivi hivi unaita mikosi nyumbani."

"Si kurudisha, baba mdogo. Tubadilishane."

Ikawa ni kubadilishana. Tulinunua kengele za kweli za ng'ombe kwa muuza kamba pale pale mnadani, na Oloo akazijaribu sikioni moja moja akikataa zile zenye mlio wa sufuria, mpaka muuzaji akatutukana. Tukaondoka na kengele zetu zimegandiwa na mavi. Niliziosha kwa maji, nikazikagua na kioo cha kukuzia, nikazikalia. Nzima kabisa. Sikuamini, nikazikalia tena.

Okech alikuwa fundi wa pikipiki Migori mjini. Huyu alitushangaza kwa njia nyingine. Alitupeleka nyuma ya kibanda, akateremsha kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi, akafungua: kem zote zinametameta, mabawa yanafunguka na kufunga bila sauti.

"Kila Jumamosi nazipaka grisi," akasema. "Mjomba alikuwa mtu wa maana. Siwezi acha vitu yake ishike kutu." Na huyu hakutaka kubadilishana. "Kama zinaenda kazini, mimi nimefurahi. Hapa zinalala tu."

Nilimshukuru nikafuta machozi. Adoyo alizipakata njia nzima. Kesho yake tukashuka chini ya jabali. Akapachika ile kem nzuri kuliko zote kwenye ufa wa usawa wa goti, ikajibana vizuri, hata mimi ningeipiga picha. Akaikalia. Ilitoka kama sabuni bafuni. Puu! Adoyo chini, miguu juu, kem imempiga kwenye kidevu.

Hatukucheka. Grisi ilikuwa imeingia kila mahali, hata pale mabawa yanaposhika mwamba, ambapo hapatakiwi hata jasho la mkono. Kwenye ekseli sawa, tone moja linatosha. Pale pa kushika, ni kifo. Adoyo alibaki ameketi pale pale akitazama ile kem mkononi. "Ningekuwa juu," akasema. Tuliziosha kwa maji ya moto na sabuni, tukazipiga mswaki siku mbili, tukazikalia moja moja mpaka zikakubali. Okech nilimpigia simu kumshukuru tena. Habari ya grisi sikuigusa. Utamwambiaje kijana aliyempenda mjomba wake hivyo kwamba Jumamosi zake zote alikuwa anatengeneza mtego?

Zikabaki tepe.

Shangazi Dorka wa Rangwe mnamjua wale mliosali naye. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti ya kwaya, na sifa yake ni moja: kufua. Vitambaa vya altare vilikuwa vinafuliwa naye, kanzu za kwaya zinafuliwa naye, na shati lililopita mikononi mwake ulikuwa unalitambua barabarani kutoka mbali. Alitupokea na chai na ndizi za kuchemsha, akatuuliza habari za kila mtu mpaka mbwa wa kituo, ndipo akaingia ndani akarudi na sinia limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Majirani wawili walikuwa wamekuja kusalimia, wakasogea. Akafunua.

Tepe zilikuwa zimekunjwa kama leso za harusi. Nyeupe. Si nyeupe ya kupauka, nyeupe ya altare. Tepe za Ogola ninazozijua zilikuwa nyekundu, bluu na kijani. Halafu harufu ikanifikia, nikajua.

"Tangu tumzike," Shangazi Dorka alisema, "kila mwezi naziloweka usiku mzima kwa blichi. Siweki maji, maji inapunguza nguvu. Halafu naanika juu ya mabati. Mwanzoni uchafu ulitoka mwingi, mpaka blichi ikawa nyekundu."

Uchafu! Nilimeza chai ikanichoma. Nailoni na blichi, tena bila maji, tena jua la mabati. Chuma kikiumia utaona ufa au utaona kimepinda. Nailoni ikifa inabaki nzuri. Nilitabasamu, nikasema ero kamano, asante, Shangazi, zimependeza kweli. Na moyoni nilishapanga: tukifika kituoni nazichoma zote, nampa Adoyo mpya za stoo, na mama huyu hajui kitu mpaka anaingia kaburini. Nani angekuwa na uso wa kumwambia?

Adoyo alikuwa ananitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Kabla hajauliza, Shangazi Dorka akamwambia, "Hebu nionyeshe. Miaka yote nafua hizi vitu sijui kazi yake. Baba yako alikuwa anafanya nini nazo?"

"Adoyo, acha, tutachelewa," nikasema.

"Tuchelewe nini, Madam? Ni dakika moja."

Akachukua tepe moja, akaipitisha juu ya boriti ya veranda, akaunganisha ncha mbili kwa karabina, ile pete ya chuma yenye kilango, akapanda kwenye kigoda. "Baba alikuwa anasema kalia," akamwambia shangazi yake, akatoa miguu kwenye kigoda.

Ilikatika kwenye mshono bila hata kuvutika. Haikulia, haikupasuka, iliachana tu, na Adoyo akadondoka uani kwa matako mbele ya kuku na majirani. Majirani waliangua kicheko. Shangazi Dorka alicheka kuliko wote, mkono kifuani, "Mayie, umekuwa mzito, watakuwa wanakulisha nini huko!" Kisha akanitazama mimi. Mimi sikuwa nacheka, nilikuwa nimesimama nimeshika ukuta.

Kicheko kikafa. "Imekatika kwa nini?" akauliza.

"Imezeeka, Shangazi," nikasema haraka. "Hizi vitu zikizeeka ndivyo zilivyo."

"Haijazeeka," Adoyo akasema kutoka chini. Alikuwa amekiokota kipande, anakinusa. Akakishika kwa mikono miwili akavuta, nyuzi zikaachia kama za gunia bovu. "Hizi ni mpya. Nilikuwa naye siku alipoziagiza." Akamtazama shangazi yake. "Ni blichi, Shangazi. Blichi imeziua."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto gani anamwambia hivyo mama aliyemlea, mbele ya majirani? Nikamkanya kwa macho, hakunijali.

Shangazi Dorka akaketi polepole kwenye kile kigoda. "Zingekatika na wewe huko juu?"

"Ndiyo."

"Ungekufa?"

"Ndiyo, Shangazi."

Jirani mmoja akaanza kumshukuru Mungu, Nyasaye mwema, Nyasaye mwema. Shangazi Dorka alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anafikiri, na nilimwona wazo linamfikia, nikaogopa hata sijui ninaogopa nini. Akageuka kwangu.

"Nyar Asumbi. Si tangu mazishi tu. Ogola alikuwa akija Krismasi, analala mchana kutwa, mimi nafungua begi lake nafua kila kitu. Mashati, suruali, na hizi. Hivi hivi. Miaka yote hiyo, tangu aanze hiyo kazi yenu."

Miaka yote! Nimekwea na Ogola. Nimening'inia kwenye tepe zake juu ya mabonde, nimewatundika watoto wa watu kwenye tepe zake, na kila mwaka zimelala kwenye beseni la blichi Rangwe? Nilitafuta pa kukaa nikakosa, nikachuchumaa pale ukutani.

"Lakini hakuanguka," nikasema. "Hazikukatika hata siku moja."

"Hazikukatika," Shangazi Dorka akarudia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa sababu kila Krismasi alikuja na nyingine. Mwaka huu ni nyekundu, mwaka mwingine ni kijani. Nilikuwa nasema moyoni, hawa watu wa kituo wana mali. Nafua nyekundu, anarudi na kijani."

Nami nikaelewa. Kila Januari Ogola alikuwa anakuja stoo na hela yake mwenyewe kuagiza tepe mpya, na mimi nikimsema kwamba ana makuu, mbona za kituo zinakaa miaka. Kila Januari alileta jikoni furushi la tepe nyeupe, akawaambia wapishi wafungie kuni. Nilidhani ni jua limezipausha. Alijua! Alijua tangu mwanzo. Mtu aliyetufundisha sote kutoamini kitu mpaka umekikalia, alikuwa anapokea zile tepe kwa dada yake, anasema ero kamano, anazibeba mpaka mlimani, anazitupa, ananunua nyingine. Mwaka baada ya mwaka, ili dada yake asione haya. Na hakumwambia mtu. Hakuniambia mimi mwenye stoo. Hakumwambia Adoyo.

Adoyo alikuwa bado ameketi chini vumbini, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki nilimwona analia, analia kwa hasira, ngumi imefumba kile kipande. Mazishini hakutoa chozi.

"Alinihurumia mimi," Shangazi Dorka akasema. "Na wewe, je?"

Adoyo alijifuta kwa kiwiko. "Alidhani atakuwepo, Shangazi."

Mtihani Adoyo aliufanya wiki iliyofuata, kwa nati zake, kengele za Oloo, kem za Okech na tepe mpya nilizozitoa stoo, na alifaulu. Okech nilimpigia simu siku ile ile tukitoka Rangwe, nikamwambia habari ya grisi yote, akauliza sabuni gani tulitumia.

Lakini kabla hatujatoka kwa Shangazi Dorka, aliomba aletewe kisu. Majirani walimwambia aache, wakamwambia ni kumbukumbu, aweke kabatini, hazili chakula. Akasema kabatini mtu atazikuta. Akaweka sinia mapajani akazikata zote, moja moja, vipande vifupi visivyoweza kufunga hata kuku, na machozi yanamdondoka juu ya mikono bila kuyafuta. Adoyo alikaa karibu yake akimshikia ncha. Walipofika kwenye ya mwisho Shangazi Dorka akasita. Akaipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, akaishusha, akaipeleka tena.

"Hata harufu yake nimeifua," akasema, akaikata.